Saa ya Ami na Dakika Tisa za Mwanafunzi

Kengele ya kuanza mtihani ilipigwa na karani, saa mbili kamili asubuhi, kwa saa ya ukutani ya ofisi. Amri ya kumaliza niliitoa mimi, kwa saa iliyokuwa mkononi mwangu. Baina ya saa hizo mbili ndipo lilipojificha kosa ambalo nimekaa nalo miaka kadhaa, na ambalo leo, kwa idhini ya mhariri, naona heri nilianike mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya insha, ambayo hufanywa kwa muda wa saa moja na dakika 45. Shule ilikuwa mjini Garissa. Jina lake halina haja hapa. Akrabu za saa yangu zilipofika saa nne kasorobo, nikasema kwa sauti, "Wekeni kalamu chini." Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. Juu ya kifundo cha mkono wake palikuwa na saa nyeusi ya plastiki, ya tarakimu, aina inayouzwa sokoni kwa bei ya sahani chache za wali.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "bado dakika tisa."

Waama, kiburi hakina macho. Nilipandisha mkono wa shati ili darasa zima lione. "Saa hii," nikamwambia, "ilipimwa Uswisi kabla wewe hujazaliwa. Weka kalamu." Darasa likaangua kicheko, naye akaiweka. Nikakusanya karatasi, nikazifunga, nikawaruhusu watoke. Nilipopita barazani nikastaajabu kuona madarasa ya jirani yamenyamaza kimya, vichwa vimeinama, kalamu zinakwenda. Nilipofika ofisini, saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika 40.

Kurudisha karatasi haikuwezekana tena. Watahiniwa walikuwa wamekwisha tawanyika chini ya miti, wanaulizana habari za maswali. Insha hizo nilizisahihisha mwenyewe usiku ule. Ya msichana yule ilikuwa hotuba, nayo ilikatika hivi: "Kwa hivyo, ndugu zangu, nawasihi". Baada ya hapo palikuwa na mstari mmoja wa wino uliovutwa kwa haraka, kama mtu aliyenyang'anywa kalamu. Ndivyo ilivyokuwa hasa.

Saa yenyewe nilirithi kwa ami yangu, ndugu yake baba, mtu wa Lamu aliyefanya kazi Muskati miaka mingi kabla ya kurudi kufia kwao. Watu wa pwani waliokwenda Ghuba katika miaka ya sabini na themanini walikuwa wakirudi na vitu vitatu: redio, mablanketi mazito yasiyo na kazi katika joto letu, na saa. Wengi walileta Seiko 5, saa ya Kijapani ya bei nafuu iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 na ambayo hujijaza yenyewe kwa mtikiso wa mkono. Wachache walileta za Uswisi. Ami alikuwa miongoni mwa hao wachache, na chapa ya saa yake sitaitaja, maadamu saa haikuwa na kosa. Siku niliyopata barua ya kuajiriwa ualimu aliivua mkononi mwake akanipa. "Mwanangu," akaniambia, "hii ipeleke kwa fundi kila baada ya miaka mitano. Ukiiwacha, itakuaibisha." Nikaitikia naam, kama waitikiavyo vijana wote. Ikapita miaka kumi na mmoja bila saa ile kuonana na fundi.

Msomaji huenda akauliza: yawezekanaje saa ya thamani ya ng'ombe kadhaa ishindwe na saa ya plastiki? Ili kulijibu swali hili hatuna budi kuifungua.

Ndani ya saa ya ufunguo hamna betri. Mna kamani kuu, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo, ambao ukishajazwa hutaka kukunjuka. Nguvu zake hupitia magurudumu yenye meno, na zingekwisha kwa muda mfupi sana lau si kizuizi kinachoziachia kidogo kidogo. Anayekiamuru kizuizi hicho ni gurudumu la mizani, liendalo huku na huko likirudishwa na kamani nyingine ndogo, nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za leo gurudumu hilo hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani manane kila sekunde, au 691,200 kwa siku moja. Ya ami ni ya zamani na ya taratibu: mapigo 18,000 kwa saa, matano kwa sekunde. Kila tiki tunayoisikia ni pigo moja la mizani. Mashine hiyo hufanya kazi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, nasi hatuipi hata likizo anayopewa punda wa maji.

Tuutazame usahihi wake kwa hesabu, maana neno sahihi husemwa ovyo. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa nzuri ya ufunguo ikikosea kwa sekunde 10 kwa siku, imekosea sehemu moja katika 8,640. Ni sawa na mtu aliyeipima barabara ya Garissa hadi Nairobi, takriban kilomita 370, akakosea kwa mita 43 tu. Hilo, kwa kitu cha magurudumu na kamani, ni ajabu. Lakini saa ya kawaida ya betri hukosea kiasi cha sekunde 15 kwa mwezi mzima. Mpimaji huyu wa pili amekosea kwa mita mbili, na malipo yake ni robo ya robo ya yule wa kwanza. Siri yake ni kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde kikichochewa na umeme. Wajapani wa Seiko waliiuza saa ya mkono ya kwanza ya namna hiyo mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, na katika miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Kwa hivyo msichana wangu alikuwa na fizikia upande wake. Mimi nilikuwa na jina lililoandikwa usoni mwa saa.

Ama saa yangu, katika muda usiotimia saa kumi na tatu, tangu nilipoirekebisha kwa redio saa tatu usiku wa kuamkia mtihani, ilikuwa imekwenda mbele kwa dakika tisa. Kwa kipimo cha barabara yetu, hizo ni zaidi ya kilomita nne.

Siku zile nilidhani kosa ni joto. Ni dhana ya kila mgeni wa Garissa. Likiharibika jambo, joto ndilo hushtakiwa. Na kusema kweli, joto lina historia yake katika ufundi wa saa. Kamani ya chuma cha kawaida hulegea inapopata moto, na saa ya zamani iliyotengenezwa bila kinga ilikuwa ikichelewa kwa takriban sekunde 10 au 11 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya selisiasi iliyoongezeka. Ukiitoa saa ya namna hiyo kwenye nyuzi 23 ukaipeleka kwenye nyuzi 38, itachelewa zaidi ya dakika mbili na nusu kwa siku. Aliyeliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa ni Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Uswisi, aliyechunguza michanganyiko ya chuma na nikeli hadi akapata aina ambazo haziyumbishwi na joto. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Wanafunzi wanaodhani Nobel hutolewa kwa mambo ya mbinguni tu wajue kuwa hii moja imefungwa mkononi mwa watu wengi.

Angalia basi kwamba joto lingeichelewesha saa yangu. Yenyewe ilikuwa imekimbia. Nilipaswa kulitambua jambo hilo, lakini mwenye aibu hatafuti sababu, hutafuta wa kumsingizia.

Iko taasisi Uswisi, iitwayo COSC, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo kazi yake ni kuipima mitambo ya saa kabla ya kuitwa kronomita. Mtambo huwekwa siku 15, usiku na mchana, katika mikao mitano na katika viwango vitatu vya joto: nyuzi 8, nyuzi 23 na nyuzi 38. Wastani wake wa kila siku usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kukimbia zaidi ya sekunde 6. Kampuni ya Rolex, tangu mwaka 2015, inajifunga kwa kipimo kikali zaidi, sekunde 2 mbele au nyuma. Nyuzi 38 hizo, ambazo kule ni mwisho wa ukali, kwetu ni alasiri ya Machi isiyomshtua hata mbuzi. Kwa hivyo mtambo uliofaulu mtihani ule hauogopi Garissa kwa joto lake. Lakini ulifaulu ukiwa mpya, mafuta yake mabichi, hauna hata chembe ya vumbi. Sisi walimu twalijua jambo hili vizuri: cheti husema ulijua nini siku ile uliyofanya mtihani.

Nilianza kwa kuulizia Nairobi. Bei ya huduma niliyotajiwa ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na saa ingepelekwa ng'ambo, irudi baada ya miezi. Nikarudi na saa yangu. Ndipo mwenzangu mmoja akanielekeza kwa mzee mmoja karibu na Soko Mugdi, ambaye kibanda chake ni meza moja, kiti kimoja na kipande cha turubai cha kuzuia upepo.

Nilimkuta amebana lenzi kwenye jicho la kulia. Nikamsalimu, akaitikia, akaipokea saa bila kuiuliza jina lake. Kabla ya kuifungua alitoa dira kwenye mtoto wa meza, dira ya kawaida ya kutafutia kibla, akaisogeza karibu na saa. Sindano ikacheza.

"Maalim," akasema, "saa yako huilaza wapi?"

"Juu ya redio, mzee."

Redio yenyewe niliinunua juma lile lile la mtihani, kubwa, yenye kipaza sauti cha kutikisa madirisha. Usiku wa kuamkia mtihani ndio uliokuwa wa kwanza kuiweka saa juu yake. Mzee akacheka bila sauti. "Redio ina sumaku tumboni. Umemlaza mtoto juu ya jiko."

Hii ndiyo habari ambayo natamani kila mwenye saa ya ufunguo angeijua. Kamani ile nyembamba kama unywele ikipata sumaku, mikunjo yake hugandana. Ikigandana, huwa kama imefupishwa. Ikifupishwa, mizani huenda na kurudi upesi zaidi. Na saa hukimbia, si kwa sekunde bali kwa dakika nyingi. Kipaza sauti hufanya hivyo. Vifuniko vya simu vyenye sumaku hufanya hivyo, na vifungo vya mikoba ya akina mama kadhalika. Siku hizi baadhi ya watengenezaji hutumia kamani za silikoni, ambazo sumaku haiziwezi, lakini saa za mababu zetu hazina kinga hiyo. Mzee aliipitisha saa katikati ya koili ya waya iliyounganishwa na umeme, akaivuta nje polepole. Akasogeza dira tena. Sindano ikatulia.

Nikaingiza mkono mfukoni nimlipe. Akanizuia. "Hiyo ilikuwa homa tu, Maalim. Maradhi bado yamo."

Alipofungua mgongo wa saa nilitamani kuufunika tena. Mpira mwembamba uzuiao maji na vumbi ulikuwa umekatika vipande. Vumbi jekundu, lile ambalo huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, lilikuwa limeketi kandokando ya magurudumu. Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi, yameganda kama uji uliokauka ukingoni mwa sufuria. Mzee akanieleza kwamba vumbi likichanganyika na mafuta huwa msasa, na msasa huo husaga mihimili ambayo unene wake haufiki hata ncha ya sindano ya kushonea. Saa iliyo katika hali hiyo haisimami ghafla ikakuonya. Huendelea kutembea miaka, ikijila yenyewe. Ndiyo sababu watengenezaji wanasisitiza huduma hata kama saa inakwenda: Omega hushauri kila baada ya miaka mitano hadi minane, Rolex takriban kila baada ya kumi. Kwa vumbi la Garissa, mzee alisema, mitatu.

Nilikaa naye asubuhi nzima, nikimtazama. Alivua sehemu moja baada ya nyingine, skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, akizipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, na kila kundi alilifunika kwa bilauri lisipeperushwe. Aliziosha kwa benzini, akazikausha, akazitazama moja moja kwenye mwanga. Mafuta aliyatia kwa ncha ya sindano, tone lisiloonekana kwa jicho tupu, tena si kila mahali. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta. Hutiwa mihimili, pale inapozunguka ndani ya vito vidogo vya rubi. Vito hivyo, ambavyo wauzaji huvitangaza usoni mwa saa kana kwamba ni mapambo ya bibi harusi, viko pale kwa sababu ni vigumu na havisuguki upesi. Hakuna mtu wa kuviona isipokuwa fundi.

Adhana ya adhuhuri ilipolia msikitini, mzee aliitazama kwanza nguzo ya turubai na kivuli chake, kisha ndipo akaitazama saa. Nikamuuliza kwa nini. "Saa zetu huambiwa na serikali," akajibu. "Kivuli hakiambiwi na mtu."

Maneno hayo niliyapeleka darasani juma lililofuata, na nawahimiza walimu wa jiografia na hisabati katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, wayafanyie jaribio. Saa ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, yaani imefuata longitudo ya 45 mashariki, mstari ambao haupiti Kenya kabisa. Enzi za ukoloni saa za Kenya ziliwahi kuwa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Garissa iko karibu na longitudo 39.6, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Kwa hivyo, kwa wastani, jua la Garissa hufika kileleni saa sita na dakika 21. Mandera hutangulia, kiasi cha saa sita na dakika 13. Nairobi hufuata nyuma, saa sita na dakika 33 hivi. Baina ya Mandera na Nairobi mna dakika 20 nzima za jua, ilhali saa za mikononi zinasema mamoja. Tena jua lenyewe halishiki wakati kama mizani ya saa: mwanzoni mwa Novemba hufika kileleni Garissa yapata saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari yapata saa sita na dakika 35. Mwanafunzi hahitaji zaidi ya kijiti kilichosimamishwa wima uani, chaki na subira ya miezi michache.

Basi usahihi ni mapatano, na mapatano ya chumba cha mtihani ni kwamba wote tunaifuata saa moja. Kosa langu halikuwa kuvaa saa mbovu peke yake. Niliwaanzisha watoto kwa saa ya ofisi, nikawamaliza kwa yangu. Lau ningeanza na kumaliza kwa hiyo hiyo ya ami, hata ikiwa mbele kwa nusu siku, msichana yule angepoteza dakika moja na robo tu kwa mbio zake, si tisa. Wasimamizi wa mitihani walitafakari jambo hili. Simu haziruhusiwi katika chumba cha mtihani, na ni haki zisiruhusiwe, wala saa zile mpya zinazoungana na simu. Kwa hivyo saa ya ukutani na ya mkono bado zinashika hatima za watoto wetu kila Novemba, na sijapata kuhudhuria mkutano wa walimu ambapo mtu aliuliza ni nani aliyezilinganisha.

Saa niliichukua baada ya siku kumi. Nililalamika kwamba ni nyingi. Mzee akanionyesha kipande cha karatasi: kila siku ameiandika, imelala uso juu, imelala uso chini, imesimama, imening'inia. Ilikuwa ikienda mbele kwa sekunde 12 hadi 15 kwa siku. Nikamwomba aipunguze hadi sifuri.

"Sifuri ni ya simu," akasema. "Hii ina miaka hamsini. Ikikosea kila siku kwa kiasi kile kile, hiyo ni saa ya kweli. Wewe ijue tu tabia yake."

Alikuwa amesema, bila kujua, jambo lililowaokoa mabaharia. Saa ya John Harrison iliyosafirishwa kutoka Uingereza hadi Jamaika, ikaondoka Novemba 1761 na kufika Januari 1762, haikuwa kamilifu. Ilikuwa na kosa lake la kila siku, sekunde mbili na zaidi, lililopimwa na kuandikwa kabla ya safari. Kosa hilo lilipotolewa katika hesabu, ilionekana kwamba baada ya siku 81 saa imepotea kwa sekunde 5 hivi tu. Iliaminika kwa sababu kosa lake lilikuwa halibadiliki na lilikuwa limekiriwa mapema.

Sina ugomvi na mtu anayenunua saa ya thamani, maadamu fedha ni zake. Ugomvi wangu ni na maana tunayoipachika. Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, saa za viongozi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kwa uchungu mitandaoni, na picha za mikono ya waheshimiwa zikakuzwa ili bei zisomwe. Katika mjadala ule wote sikusikia mtu akiuliza kama saa hizo zinaonyesha wakati. Swali lingekuwa la haki, kwani saa ya ufunguo iliyolala kabatini siku tatu husimama, na mwenye saa kumi hawezi kuzivaa zote. Nao vijana wetu, kwa kuiga, hununua za bandia huku wakijidanganya kwamba akrabu ya sekunde ikiteleza bila kurukaruka basi ni halisi. Hata saa duni ya ufunguo huteleza hivyo.

Thamani ninayoiona mimi katika saa ile ni moja: kwamba inaweza kutengenezwa. Saa ya plastiki ya msichana ilikuwa sahihi kuliko yangu, lakini itakapokufa itatupwa jaani. Ya ami yaweza kumfikia mjukuu wangu. Yaweza, nasema, kwa sharti kwamba yuko fundi, na sharti hilo linatuponyoka. Makampuni makubwa ya Uswisi yamekuwa yakibana vipuri visiwafikie mafundi wa kujitegemea. Kundi la Swatch lilitangaza kuacha kuwauzia wasioidhinishwa kufikia mwisho wa mwaka 2015. Mzee wa Soko Mugdi hutegemea saa zilizokufa, akizipasua kutafuta sehemu za kuponya zilizo hai. Wakati huo huo vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha umeme, magari na kompyuta, na ni vema, lakini kijana anayetaka kujifunza ufundi wa vitu vidogo hana wa kumwendea. Na si saa peke yake. Nani asiyejua kisima kilichochimbwa kwa sherehe na hotuba huku kwetu kaskazini mashariki, mashine yake ikanyamaza kwa kukosa mpira wa bei ya soda na mtu wa kuufunga? Twapenda siku ya kununua. Siku ya kutia mafuta hatualiki wageni.

Mzee alikuwa na mwanafunzi mmoja, mpwa wake. Kijana huyo sasa anatengeneza vioo vya simu hatua chache kutoka hapo, na kwa siku moja hupata anachokipata mjomba wake kwa juma. Sikuweza kumlaumu. Jicho la kulia la mzee limeanza kuingia ukungu. Aliponikabidhi saa aliniambia niirudishe baada ya miaka mitatu, kisha akafikiri kidogo, akasema, "Au miwili. Usingoje sana."

Kwa msichana nilikwenda. Niliomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka, nikaeleza habari ya redio na sumaku, nikachora kamani ubaoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa adabu ile ile, "Mwalimu, yako ni ya kuvaa, yangu ni ya kuangalia." Darasa likacheka tena, safari hii kwa haki. Nikampa karatasi yake na dakika tisa, nikaketi kumngoja. Aliikamilisha sentensi yake, akaongeza nyingine mbili, akanirudishia zikiwa zimebaki dakika nne.

Tangu siku hiyo huweka mezani saa mbili ninaposimamia mtihani: ya ami, na ya plastiki niliyoinunua sokoni kwa ajili hiyo. Huandika kosa la ya ami nyuma ya daftari langu la mahudhurio, kila asubuhi, baada ya kuilinganisha na redio, ambayo sasa iko chumba kingine. Leo ilikuwa mbele kwa sekunde 19. Mwaka jana mwezi kama huu ilikuwa 14. Jumamosi nitampelekea mzee, nikamtazame na jicho.